Binti yangu amekataa jina lake shuleni: ni ujana tu, au shule inamuumiza?

MzaziWaMuheza (mleta mada)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji tu wa mijadala ya hapa, lakini leo nimeona niandike kwa sababu jambo limeingia nyumbani kwangu na sina mtu wa karibu wa kumuuliza.

Mimi na mke wangu ni watu wa Muheza, Tanga. Tulihamia jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 2019, binti yetu akiwa na umri wa miaka tisa. Sasa ana miaka 15. Shule ya msingi alimaliza bila tatizo lolote tulilolijua. Mambo yalianza kubadilika alipofika darasa la saba, na yamekuwa yakiongezeka kidogo kidogo, kiasi kwamba kila badiliko likitazamwa peke yake lingeweza kupuuzwa. Kwanza alikataa kubeba chakula cha nyumbani, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akililia mhogo wa nazi. Kisha akaacha kunijibu kwa Kiswahili mbele za watu. Baadaye tukagundua kwamba shuleni hatumii tena jina la bibi yake tulilompa, bali anatumia kifupi chake kinachosikika kama jina la Kimarekani, na walimu wote wanamwita hivyo. Mwaka huu amekuwa akiumwa tumbo kila Jumapili usiku. Hospitali wamempima mara mbili na hawakuona kitu. Alama zake za hisabati, somo alilokuwa akilipenda kuliko yote, zimeshuka.

Nilipombana azungumze, alinieleza mambo ambayo sikuyatarajia. Katika ukumbi wa chakula hana meza. Wamarekani Weusi humwona Mwafrika na humtania kuhusu simba na kuishi juu ya miti. Wanafunzi wa Kizungu humwona Mmarekani Mweusi kama wengine. Na Wasomali na Wakongo aliokuwa nao katika darasa la wanaojifunza Kiingereza walimwona anajidai alipohamishwa kutoka darasa hilo. Siku moja mwalimu wa historia alipofika kwenye sura ya utumwa, darasa zima liligeuka kumtazama yeye. Nilimjibu kwa nia njema kabisa. Nilimwambia, "Hiyo si historia yako, mwanangu. Sisi hatukuuzwa. Wewe si kama wao." Hakusema neno, akaenda chumbani kwake, na tangu siku hiyo hajanisimulia tena habari za shule.

Naomba kuuliza: je, huu ni ujana tu unaopita, au shule inamuumiza mtoto kiasi cha kuhitaji mtaalamu? Na ninyi mliolea ugenini, mlizungumzaje na watoto kuhusu rangi, ilhali sisi wenyewe tumekulia mahali ambapo hakuna aliyewahi kuona haja ya kutuambia kwamba sisi ni weusi?

KijanaWaNyarugusu

Shikamoo mzee wangu. Nilizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa wazazi waliokimbia vita Kivu ya Kusini, na tukaletwa Lexington, Kentucky, nikiwa na miaka 12. Sasa nina miaka 25. Unisamehe nikianza na jambo ambalo hukuuliza, lakini naona ndilo lililomfunga mdomo binti yako.

Baba yangu aliniambia maneno hayo hayo, kwamba mimi si kama wao. Aliyasema kwa upendo, kwa kuwa alikuwa ameona habari za magenge kwenye runinga akaogopa. Mimi nilikuwa nimetoka shuleni, mahali ambapo mlinzi wa langoni alikagua begi langu na kuwaacha wanafunzi wa Kizungu waliokuwa mbele yangu wapite, wala hakuniuliza kwanza kama nimetoka Uvira au nimezaliwa mtaa wa pili. Kwa hiyo baba aliponiambia kwamba "wao" ni wavivu na wakorofi, nilichosikia ni kwamba ngozi niliyoivaa siku nzima ina aibu, na kwamba hata nyumbani imethibitishwa hivyo. Shuleni waliniambia kwa macho, baba akaniambia kwa Kiswahili.

Kuhusu jina, naomba nikueleze jinsi linavyopotea, maana wazazi hudhani mtoto amelitupa. Mwalimu anaita majina, anafika kwenye lako, ananyamaza. Darasa linajua ukimya ule ni wa nani, wameanza kucheka kabla hajatamka. Mimi baada ya mwezi mmoja nilikuwa nikisema "nipo" mara tu ninapomwona anavuta pumzi, ili asilitamke. Kutoka hapo hadi kujipa kifupi ni hatua ndogo sana, na siku unapokipata unajisikia umepumzika. Binti yako hakumkataa bibi yake. Alichoka na ule ukimya.

Aliyenipa meza mwishowe alikuwa kijana Mmarekani Mweusi tuliyecheza naye soka. Ni kweli kwamba mwanzoni ndio walionitania kuliko wote, na sitaki nifiche hilo. Lakini bibi yake alinikaribisha kula, akatusimulia habari za shule ya weusi peke yao aliyosoma utotoni, na vitabu vilivyokuwa na majina ya watoto wa Kizungu waliovitumia kabla yao. Nilipokuwa nikimsikiliza nilimkumbuka shangazi yangu akisimulia ya kwetu. Sikumwambia baba kwamba nilikuwa nikienda huko, kwa miaka miwili.

MnasihiMinnesota

Ndugu mleta mada, mimi ni Mtanzania na ninafanya kazi ya unasihi katika shule ya sekondari jimboni Minnesota. Nimekutana na mtoto wako mara nyingi, kwa sura nyingine.

Umeuliza kama ni ujana au ni maumivu, nami naona ni vyote viwili. Kujiuliza "mimi ni nani" ni kazi ya kawaida ya umri huo, na kijana asiyejiuliza ndiye wa kushangaza. Tatizo ni kwamba jibu halitoki kwake peke yake. Shule humpa majibu kila siku bila kufungua mdomo: nani anawekwa katika darasa la hesabu za juu, nani anapelekwa kwa mwalimu mkuu kwa kosa ambalo mwenzake ameonywa tu, nani anageukiwa darasa zima likifika suala la utumwa. Katika takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2017–18, wanafunzi weusi walikuwa takriban asilimia 15 ya wanafunzi wote wa shule za umma, lakini walikuwa asilimia 38 ya waliosimamishwa shule. Wakati huo huo walimu weusi walikuwa karibu asilimia 7 tu. Kijana hahitaji kusoma takwimu hizo; anaziona akitembea kwenye ushoroba.

Mwanasaikolojia William Cross aliandika mwaka 1971 kwamba mtu mweusi anaweza kuishi muda mrefu bila rangi yake kuwa jambo kubwa mawazoni, hadi litokee tukio linalomgonga na kumlazimisha aitazame upya. Alikuwa akizungumzia Wamarekani Weusi, na kwao mara nyingi tukio hilo limetayarishwa na wazazi, babu na kanisa. Mtoto wako ametoka Muheza na hakuwa na matayarisho hayo. Ile siku ya somo la historia inafanana sana na tukio analolieleza Cross. Kwa kawaida baada ya hapo kijana huanza kuwatafuta wa kwake, kukaa nao meza moja na kuzungumza kwa lugha yao. Walimu huona wanajitenga. Mimi naona wanapumua. Hatari kubwa zaidi iko kwa yule ambaye amegongwa na hana meza ya kukimbilia, na kwa maelezo yako huko ndiko alipo binti yako.

Si peke yake pia. Katika uchunguzi wa afya ya vijana uliofanywa na serikali ya Marekani mwaka 2023, takriban theluthi moja ya wanafunzi wa sekondari walisema wamewahi kutendewa vibaya au isivyo haki shuleni kwa sababu ya rangi au asili yao. Kwa wanafunzi weusi walikuwa karibu 46 katika kila 100, na kwa wenye asili ya Asia walizidi nusu. Waliosema hivyo ndio pia waliotaja zaidi huzuni ya muda mrefu na mawazo ya kujiua. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kipi kimesababisha kipi, lakini vitu hivyo viwili vinatembea pamoja mno kuweza kupuuzwa.

Sasa tumbo la Jumapili. Watoto wetu hawaji kwangu wakisema "nina sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au "nina wasiwasi uliopitiliza". Husema kichwa kinauma, tumbo linauma, nimechoka, niache. Daktari akipima damu na kinyesi asione kitu, tunaambiwa mtoto mzima. Mrudishe kwa daktari huyo huyo, na safari hii omba wazi kwamba afanyiwe uchunguzi wa sonona na wasiwasi. Ni maswali mafupi ya kujaza. Angalia usingizi, hamu ya kula, na kama ameacha mambo aliyoyapenda kwa zaidi ya wiki mbili. Mwulize pia, kwa sauti ya kawaida na mkiwa wawili, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Najua kwetu swali hilo linaonekana uchuro, lakini kuuliza hakumpandikizii mtoto wazo; mara nyingi humtua mzigo. Akisema ndiyo, msisubiri miadi: pigeni namba 988, ya msaada kwa walio katika hatari ya kujiua, ambayo imekuwa ikitumika nchini kote tangu Julai 2022 na hupokewa usiku na mchana.

Kwa upande wa shule, andika barua pepe kwa mnasihi wake, eleza tukio na tarehe, na uombe kikao. Usianze na neno "ubaguzi", si kwa sababu si kweli, bali kwa sababu wakilisikia kwanza watakuja wamejikinga. Kama Kiingereza chako kinakwama, omba mkalimani kwa maandishi. Kifungu cha Sita cha Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 kinakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa rangi au taifa alikotoka, na ndiko desturi ya ukalimani shuleni ilikojengwa. Lakini kwa hali yoyote usimfanye binti yako awe mkalimani wa kikao kinachomhusu. Nimeona watoto wakitafsiri maumivu yao wenyewe na kuyapunguza njiani ili baba asiumie.

Lipo pia swali lako la mwisho, la namna ya kuzungumza. Diane Hughes na wenzake walipopitia mwaka 2006 tafiti nyingi kuhusu wazazi wanavyowafundisha watoto masuala ya rangi, walitofautisha kumfundisha mtoto fahari ya asili yake, kumtayarisha kwa ubaguzi atakaokutana nao, na kumfundisha kutowaamini watu wa kundi jingine. Fahari ndiyo iliyoonekana kumsaidia mtoto kwa uwazi zaidi. Kutoamini hakukuonekana kumsaidia. Kauli ya "wewe si kama wao" huvaa nguo za fahari, ila ukiivua unakuta ni hiyo ya tatu.

MzeeWaChumbageni

Nimesoma yote kwa utulivu. Mimi ni mzee, nimevuka 70, na nitasema ninavyoona.

Kwanza nakushangaa wewe mleta mada. Mtu wa Muheza anasema "sisi hatukuuzwa"? Pangani iko jirani yako. Misafara ya watumwa na pembe ilishuka pale kutoka bara, na soko la Zanzibar halikufungwa hadi 1873. Wapo waliouzwa na wapo waliouza, na wajukuu wa wote wawili wako humo humo mkoani mwetu wanaoana. Kama mtoto amegeukiwa na darasa zima, angalau angekuwa na la kujibu kama baba yake angemwambia ukweli.

Pili, mnasema hatukuambiwa kuwa ni weusi. Wa rika langu tuliambiwa. Kabla ya uhuru Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na fedha za kila moja hazikulingana hata kidogo. Mfumo huo ulifutwa rasmi Januari 1962. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto watatu Waafrika waliopelekwa katika shule iliyokuwa ya Wahindi hapa Tanga. Baadaye serikali ikaamua, na ikaamua vizuri kwa maoni yangu, kwamba habari za rangi na kabila zisitajwe. Hata sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Mkapelekwa shule za bweni mikoa ya mbali, mkaitana ndugu. Ndiyo maana ninyi wa kizazi cha kati mmefika Marekani hamna maneno.

Tatu, mambo ya sonona na wasiwasi mimi siyaamini sana. Sisi tulichapwa, tukatukanwa, tukakomaa. Mrudishe mtoto nyumbani miaka miwili, akae na bibi yake mwenye jina hilo, atapona bila kujaza maswali ya daktari.

BintiWaMoshi

Shikamoo babu. Naomba nikupinge kwa heshima, maana mimi ni huyo aliyerudishwa.

Nilizaliwa Uingereza, na nilipofika miaka 13 nikawa nagombana na kila mtu shuleni. Wazazi wakanipeleka shule ya bweni Kilimanjaro kwa mkupuo mmoja, wakaniambia ni likizo. Sitasema haikunisaidia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa darasani ambamo mwerevu, mchekeshaji, mtukutu na mwalimu wote walikuwa na rangi yangu, na kuna uzito fulani mabegani ambao sikujua nilikuwa nimeubeba hadi ulipoondoka. Hilo nalishukuru mpaka leo.

Lakini Kiswahili changu kilichekwa tangu siku ya kwanza. Niliitwa mzungu. Nilipoulizwa swali darasani nikakosea, nililipwa kwa kicheko kile kile nilichokikimbia. Nilikaa mwaka mzima nikiamini kwamba wazazi wamenitupa, kwa sababu hakuna aliyeniuliza kabla ya kunikatia tiketi. Kwa hiyo kama mleta mada anafikiria kumrudisha, amuulize mwenyewe, amwambie ni kwa muda gani, na asimpeleke kama mtu anayepelekwa kutengenezwa.

Na babu, naomba kuuliza: ninyi watatu mliopelekwa shule ya Wahindi, wiki ya kwanza mlilala?

MzeeWaChumbageni

Marahaba mjukuu wangu. Umeniuliza swali ambalo sijaulizwa kwa miaka zaidi ya 60.

Hatukulala. Mmoja wetu alikuwa akikojoa kitandani, na alikuwa mkubwa wa kutosha kuona aibu. Hakumaliza mwaka, baba yake alimtoa, ikasemwa hana akili ya shule. Alikuwa anatushinda sote kwa hesabu. Mimi na mwenzangu tulibaki kwa sababu tulikuwa wawili, tulikula pamoja chini ya mwembe na tulirudi nyumbani pamoja. Labda ndiyo hiyo meza mnayoisema.

Kuhusu maswali ya daktari, naacha kama nilivyosema, sijui vitu hivyo. Lakini neno "tulikomaa" naliondoa. Tulikomaa wawili kati ya watatu.

MzaziWaMuheza (mleta mada)

Nawashukuru wote. Zimepita siku kumi tangu niandike, na nimeona niwarudishie taarifa.

Nilimwomba binti yangu radhi kwa ile kauli, nikiwa naendesha gari, kwa sababu nimegundua kwamba tukiwa tumetazama mbele wote wawili anazungumza zaidi. Kisha nikamsimulia habari za Pangani, yale niliyoyajua na mengine niliyompigia mama yangu simu kuyauliza. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kwa nini nilijua hayo yote na sikumwambia. Sikuwa na jibu. Akaniambia pia kwamba rafiki pekee aliyebaki naye shuleni ni msichana Mmarekani Mweusi wa darasa la sanaa, na kwamba alikuwa hamleti nyumbani kwa kuogopa nitakavyomtazama. Alikuja Jumamosi. Alikula mhogo wa nazi, akaomba wa kubeba.

Kuhusu jina, tulidhani atataka kulirudisha, hakutaka. Amesema marafiki waendelee na kifupi, ila walimu wajifunze jina zima, kwa sababu walimu wanalipwa. Mama yake alicheka hadi akakaa chini.

Tumbo bado linauma. Jumapili iliyopita aliamka mara tatu usiku. Tumepata miadi kwa daktari wiki ijayo, na nimemuuliza lile swali gumu; alisema hapana, lakini alisema anafikiria sana kuhusu kutokwenda shule tena kabisa. Kikao na shule ni Alhamisi, mkalimani amethibitishwa. Mnasihi, naomba kuuliza la mwisho: twende mimi na mke wangu tu, au binti awepo?

MnasihiMinnesota

Nendeni wote wawili, wewe na mama yake, hata kama itabidi mmoja aombe ruhusa kazini, kwa sababu shule husoma uzito wa jambo kwa idadi ya watu waliokaa upande wa pili wa meza. Binti mpe achague: awepo mwanzo hadi mwisho, aje nusu ya pili, au aandike mwenyewe karatasi moja ya mambo anayotaka yasemwe nanyi mkaisome. Wengi wa umri wake huchagua karatasi. Akichagua hivyo, isomeni kama ilivyo, msiipunguze, na ombeni mambo mawili yaliyo wazi: mwalimu wa historia azungumze naye kabla ya kurudi kwenye sura ile, na apangiwe saa moja na mtu mzima mmoja pale shuleni, yule yule kila wiki. Muombe mkalimani afike robo saa mapema, mumfundishe kulitamka jina lake.